Ramani ya Cyangugu na Maneno ya Kwenye Boti

Safari ya boti kutoka Bukavu hadi kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, inatosha watu kugombana na kupatana kabla ya kushuka. Kuna magunia ya unga, katoni za sabuni, kuku waliofungwa miguu, mama anayerudi na vikapu vitupu baada ya kumaliza mananasi yake mjini, na hakosi mtu wa kuanzisha habari za vita. Mashariki unaona vilima vya Rwanda, na kukiwa hakuna ukungu unaweza kuyahesabu mashamba yake. Magharibi ni Kalehe na milima ya Kahuzi. Ukiwa umekaa katikati ya maji hayo, kila mmoja ana jibu lake kuhusu nani alianzisha vita, na kila jibu lina kidole kinachonyooshwa upande mmoja tu wa ziwa.

Nimeyasikia majibu hayo miaka mingi, botini, sokoni Kadutu, na kisiwani penye kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Machache ni uongo mtupu. Mengi ni nusu ya kweli, na hayo ndiyo yanayonisumbua, kwa sababu mwenye nusu ya kweli hatafuti nusu ya pili. Nitayapitia yale yanayorudiwa zaidi kuhusu vita viwili ambavyo midomoni mwetu vimekuwa kimoja: vile vya 1996 vilivyomwangusha Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na vile vya 1998 vilivyoleta Kongo majeshi ya mataifa kiasi kwamba wengine wakaviita vita vikuu vya Afrika.

Naanza na dai linalotugusa sisi wa kisiwani. Wanasema: "Idjwi na sehemu kubwa ya Kivu zilikuwa za Rwanda. Mwaka 1996 Rwanda haikuvamia, ilirudi kwake." Hili si neno la walevi. Oktoba 1996, majeshi yakiwa yameshaanza kuvuka, Rais Pasteur Bizimungu wa Rwanda alisimama Cyangugu, ng'ambo ya mto Ruzizi tu kutoka Bukavu, akaonyesha ramani ya Rwanda ya kale iliyovuka mpaka wa sasa, akasema kama mipaka ina matatizo basi uitishwe mkutano wa pili wa Berlin. Waliokuwa Bukavu siku zile hawakuhitaji kufafanuliwa.

Tuipe ramani hiyo haki yake. Ni kweli kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mwami Rwabugiri wa Rwanda aliishambulia Idjwi, Mwami Kabego wa kisiwani akauawa, na kisiwa kikawekwa chini ya watu wa Rwabugiri. Ni kweli vilevile kwamba Rwabugiri alikufa 1895 akiwa katika safari ya kwenda kupigana na ufalme wa Bushi, na baada ya kifo chake mamlaka hayo yalibomoka na ukoo wa Kabego ukarudi kutawala. Kama kukalia mahali kwa muda kunampa mtu hati ya shamba, basi na Wajerumani walete yao. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikutana Brussels kugawana nchi zilizo kati ya volkano na Ruzizi, na Idjwi, ambayo Wajerumani nao walikuwa wakiidai, ikaangukia upande wa Wabelgiji. Septemba 1914, vita vya Ulaya vilipofika huku, Wajerumani waliokuwa Rwanda wakiongozwa na Kapteni Wintgens waliiteka Idjwi wakakaa nayo hadi 1916. Hawakuja kumrudishia mtu urithi wa babu yake. Walitaka kulitawala ziwa. Katika yote haya, tangu Rwabugiri hadi Brussels, hakuna aliyemwuliza mtu wa Idjwi chochote.

Kisheria jibu ni fupi. Julai 1964, Cairo, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Kongo imo, Rwanda imo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya Cairo, kwa sababu dai la ramani lina kosa jingine ambalo sheria hailioni. Koo za Idjwi zilitoka pande zote za maji, na nyingine zilitoka ufuko wa mashariki kabla ufalme wa Rwanda haujaufikia ufuko huo kwa nguvu zake zote. Kwamba babu yangu alivuka kutoka mashariki hakumaanishi kwamba alikuwa raia wa mfalme wa mashariki. Alivuka, pengine, akimkimbia.

Dai hili lina pacha wake upande wetu, na uadilifu unanilazimisha kumgusa naye. Kwetu wanasema: "Umeiona ramani? Basi vita vyote vilikuwa vya kunyang'anya ardhi. Ni balkanizasioni, kuikata nchi vipande." Ramani nimeiona. Ila jeshi linalotaka Masisi na Idjwi haliendi Kinshasa. Lile la 1996 lilipita Goma, likapita Kisangani, likapita msitu mzima, na tarehe 17 Mei 1997 likaingia mji mkuu na kumweka rais mpya. Lengo lililotekelezwa lilikuwa kubadilisha serikali ya nchi jirani. Hilo ni kosa zito kuliko kusogeza jiwe la mpaka, kwa hiyo hatuna sababu ya kulipunguza kwa kuliita wizi wa shamba.

Dai la pili lilisemwa na wakubwa kwanza, wadogo wakalirudia: kwamba vita vya 1996 vilikuwa vya Wakongo wenyewe, Banyamulenge, Watutsi wa milima ya Kivu Kusini waliochoka kuonewa, pamoja na Mzee Kabila aliyekuwa akimpinga Mobutu tangu zamani. Tazama tarehe tu. Mkataba wa Lemera uliozaa AFDL, muungano wa waasi hao, una tarehe 23 Oktoba 1996. Tarehe 6 Oktoba, hospitali ya Lemera ilikuwa imeshashambuliwa na wagonjwa kuuawa vitandani. Uvira ilianguka wakati wino wa Lemera haujakauka, na Bukavu mwisho wa mwezi uleule. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiandika barua za kuomba dunia isikie, aliuawa mjini tarehe 29. Mtoto gani huyo aliyekwenda kupigana kabla hajazaliwa?

Kama tarehe hazitoshi, yupo shahidi ambaye Kigali haiwezi kumkataa. Miezi ile ya vita Rwanda ilikanusha kuwa na askari Zaire. Julai 1997, Kinshasa ikiwa imeshaanguka, Paul Kagame, makamu wa rais na waziri wa ulinzi wakati ule, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga vita vile na maafisa wake ndio walioviongoza. Sijui kwa nini watu wa botini bado wanabishana juu ya jambo ambalo mwenyewe alishalisema.

Kabila alikuwepo, bila shaka. Wenzake wa AFDL, Kisase Ngandu, Masasu na Bugera, walikuwepo, na kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Kadogo, askari watoto waliotembea na magamboti yaliyowazidi miguu, walikuwa watoto wetu, wengine kutoka mitaa ya Bukavu. Na watu walishangilia, tukubali. Mobutu alikuwa amewachosha kiasi hicho. Lakini kushangilia mgeni aliyevunja mlango hakumfanyi mgeni kuwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo mtetezi wa Rwanda anapotoa hoja yake iliyo bora kuliko zote, nami naiheshimu: "Rwanda ilijihami. Waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 walikuwa wamepiga kambi mpakani, wakiwa na bunduki zao, wakila chakula cha Umoja wa Mataifa."

Ni kweli, na aliyekuwa Kivu 1994 anajua ni kweli. Julai ile zaidi ya watu milioni moja walivuka kuingia Zaire. Kandokando ya Bukavu kulikuwa na Kashusha, Inera na kambi nyingine. Mpaka kisiwani kwetu walifika. Wengi walikuwa wakulima, wanawake na watoto waliokimbia wasijue wanakokwenda. Lakini kati yao walikuwemo askari wa jeshi la Rwanda lililoshindwa pamoja na wanamgambo wa Interahamwe, na walikuwa wakivuka usiku kwenda kuua tena Rwanda. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unaitaka nchi inayopokea iwaweke mbali na mpaka wa nchi waliyoikimbia. Kambi za Kashusha na Inera zilikuwa karibu na ziwa. Kutoka hapo hadi Rwanda ilikuwa maji tu. Mobutu hakuwasogeza, hakuwanyang'anya silaha, na kuwapo kwao kulimrudishia heshima kidogo kwa wafadhili waliokuwa wameshamtupa. Ufaransa, ambayo Operesheni Turquoise yake ilifungua njia ya kukimbilia kusini-magharibi, iliondoka Agosti na kuacha mlango wazi.

Kwa hiyo hatari ilikuwepo na Zaire ina fungu lake ndani yake. Swali ni mahali ambapo kujihami kunakomea. Anayejihami huvunja kambi ya adui na kurudi. Hawafuati wakimbizi waliochoka hadi Tingi-Tingi, kisha Mbandaka, ukingoni mwa mto Kongo, Mei 1997, upande wa pili wa nchi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 ilikusanya matukio 617 ya ukatili Kongo kati ya 1993 na 2003, na sura zake za 1996 na 1997 ni orodha ya watu waliowindwa huku wakielekea magharibi, wakizidi kuiacha Rwanda nyuma. Mtu anayekupa mgongo na kukimbia kilomita elfu moja, unajihami naye vipi?

Sasa sisi. Dai linalopigiwa makofi zaidi Bukavu ni kwamba Zaire ilikuwa mhanga tu, mwenye nyumba aliyeingiliwa usiku. Nalipinga nikijua boti nzima itanigeukia.

Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine iliuondoa: raia akawa yule tu ambaye babu zake walikuwa ndani ya mipaka tangu 1885. Fikiria mtu aliyelala Mzairi akaamka si kitu. Aprili 1995 bunge la mpito likadai watu wa asili hiyo warudishwe makwao, bila kumtenganisha aliyefika jana na ambaye babu yake amezikwa milimani Itombwe. Kisha Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini, Lwasi Ngabo Lwabanji, akawapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Tamko hilo halikuanzisha vita. Askari walikuwa wameshaanza kupenya milimani majuma kadhaa kabla. Lakini liliwapa waliopenya zawadi ambayo hakuna propaganda ingeweza kuinunua: lilifanya uvamizi uonekane kama uokozi. Na jeshi lililopaswa kulinda mpaka lilikuwa limezoea kupora raia tangu 1991, kwa kuwa mishahara haikuja. Waliposikia risasi walipora kwanza, wakakimbia baadaye.

Ukiniuliza nani alianzisha vita vya 1996, nasema Rwanda, pamoja na Uganda iliyosimama nayo, na Burundi kwa kiasi chake huko upande wa Uvira. Ukiniuliza nani alizikusanya kuni, nasema Kinshasa. Hayo ni maswali mawili, na asiyeyatenganisha huishia ama kumsamehe aliyewasha au kumsamehe aliyekusanya.

Kuhusu 1998 kuna kasoro moja tu ninayoipata katika maelezo ya upande wa pili, nayo inatosha. Wanasema askari Wakongo waliasi Goma na Bukavu tarehe 2 Agosti kwa sababu Kabila aliwasaliti wenzake. Ni kweli Kabila, mwisho wa Julai, aliwaamuru askari wa Rwanda waondoke. Rais kuwaambia askari wa kigeni waende kwao si usaliti, hata kama ndio waliomweka madarakani. Tarehe 4 Agosti ndege zilizotekwa Goma zilitua Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, zikiwa na askari chini ya James Kabarebe. Huyu Kabarebe, ofisa wa Rwanda, alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo hadi Julai. Mwezi mmoja anakagua gwaride la nchi, mwezi unaofuata anakuja kuipindua kwa ndege. Na RCD, chama cha hao wanaoitwa waasi? Kilijitangaza baadaye, katikati ya Agosti, risasi zikiwa zimeshalia. Lemera ilikuwa imejirudia.

Angola, Zimbabwe na Namibia ziliingia Agosti hiyohiyo. Kuna wanaoziweka kwenye mizani moja na wavamizi, kwa hoja kwamba wote walikuwa majeshi ya kigeni. Hapana. Ziliitwa na serikali iliyopo. Tunaweza kuuliza zilijilipa nini baadaye, na tuulize kweli, hasa kuhusu almasi. Lakini kuja kwa mwaliko na kuja kwa ndege zilizotekwa ni mambo mawili. Serikali hiyo haikuwa na mikono misafi: mwezi uleule redio zilichochea watu wawawinde Watutsi, na Kinshasa wengine waliuawa barabarani. Mauaji hayo hayakuanzisha vita, wala hayafutwi na mauaji ya Kasika yaliyofanywa huku kwetu Agosti hiyo na upande wa pili.

Halafu kuna wanaojua sheria, au wanaojidai. "Mahakama ya Kimataifa iliihukumu Uganda, Rwanda haikupatikana na kosa." Nusu ya kwanza ni sahihi. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ya The Hague ilisema Uganda ilikiuka kanuni ya kutotumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, ikaikataa hoja yake ya kujihami, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. (Ilisema pia Kongo ilikosa kwa yaliyofanyika kwenye ubalozi wa Uganda Kinshasa, jambo ambalo wanasheria wetu hulipita haraka.) Nusu ya pili ni upotoshaji. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi dhidi ya Rwanda, kwa sababu Rwanda haikuwa imeyakubali mamlaka hayo. Mwizi ambaye hakimu hana ruhusa ya kuingia kijijini kwake hajaachiwa huru. Kesi haijasikilizwa.

Na anayetaka ushahidi usio wa mahakama aende Kisangani. Juni 2000, kwa siku sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wa Kongo, mamia ya kilomita kutoka mpaka wa yeyote kati yao, mizinga ikiangukia nyumba za watu. Kila mmoja alikuwa ameambia dunia kwamba amekuja kulinda mpaka wake. Mpaka upi, Kisangani?

Wapo wanaomaliza mjadala kwa kusema: "Ni Wazungu. Ni Marekani na koltani." Nawapitia upesi. Nchi kubwa zilijua mengi na zilinyamaza. Novemba 1996 Baraza la Usalama lilipitisha jeshi la kimataifa la kuokoa wakimbizi, likayeyuka kabla halijatua. Ni aibu. Koltani, madini ya huku kwetu, inaeleza vizuri kwa nini vita viliendelea baada ya bei kupanda mwaka 2000, kwani hapo vilikuwa vinajilipa. Haielezi vizuri kilichoviwasha 1996. Na tabia hii ya kumtafuta mkubwa wa mbali ina faida kwa wadogo wa karibu: Kigali, Kampala na Kinshasa wote hutoka kikaoni wakiwa watumishi waliotumwa tu. Nawajua watu wa kisiwani waliokuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda. Wengine walizama, wakaacha wajane. Hakuna mzungu aliyewapigia kasia. Walikuwa na sababu zao, wakafanya hesabu, wakavuka. Marais nao hufanya hesabu.

Februari 2025 Bukavu ilianguka tena, safari hii mikononi mwa waasi wa M23. Nikalisikia dai la pili likifufuka neno kwa neno: ni Wakongo, ni mambo yao ya ndani. Tarehe 21 mwezi huo Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda kwa jina iondoe jeshi lake Kongo, kama lilivyozitaka Rwanda na Uganda mwaka 2000 baada ya Kisangani. Kigali ikajibu kwamba ilizonazo ni hatua za kujihami. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili wakatia sahihi Washington: Kongo iwamalize FDLR, mabaki ya wale wa kambi za 1994, na Rwanda iondoe hizo hatua zake za kujihami. Nusu mbili za hoja ya 1996 zimewekwa kwenye karatasi moja, miaka karibu 30 baadaye.

Niliyaeleza hayo botini, nikiwa nimejiona nimesema vizuri. Mama wa vikapu vitupu alisikiliza hadi mwisho. "Papa," akaniuliza, "hiyo karatasi inasema lolote juu ya petroli ya boti?" Nikamwambia haisemi.